Nyumba mpya, au ya zamani yenye uwanja mkubwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu mwenye uwezo wa kununua nyumba moja tu, ambaye ameshaona mbili zinazomvuta: moja mpya kwenye kiwanja kidogo, nyingine ya zamani kwenye ardhi ya kutosha. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowakuta wachache. Si lazima uyasome kwa mfuatano.

## Ya msingi

Nyumba huitwa "mpya" ikiwa na umri gani?

Hakuna kipimo kimoja. Wauzaji wengine huita mpya hata nyumba ya miaka 15 iliyopakwa rangi juzi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: nyumba ni mpya kama paa, nyaya za umeme na mabomba yake bado yana miaka mingi mbele, ni ya zamani kama vitu hivyo vimefikia mwisho wa maisha yake au vimeupita. Kwa hiyo nyumba ya miaka 50 iliyoezuliwa na kuezekwa upya, ikavutwa nyaya mpya na kubadilishwa mabomba, inaweza kuwa mpya kuliko ya miaka 20 ambayo haijaguswa tangu ijengwe. Usiishie kuuliza ilijengwa mwaka gani. Uliza kila kitu kikubwa kilibadilishwa lini, na nani aliyekibadilisha.

Bei ni ileile. Nichukue ipi?

Bei si ileile, hata kama tangazo linasema hivyo. Bei ya nyumba mpya ni karibu na gharama yako yote ya miaka michache ya kwanza. Bei ya nyumba ya zamani ni malipo ya awamu ya kwanza. Awamu nyingine utailipa kwa mafundi. Kosa linalowaumiza wanunuzi wengi ni kulinganisha nyumba mpya na nyumba ya zamani kama ilivyo leo. Linganisha nyumba mpya na ile ya zamani itakavyokuwa baada ya kutengenezwa, kwa jumla ya fedha zote mbili: ya kununulia na ya kutengenezea.

Ukishapata jumla hiyo, msimamo wangu ni huu. Kama mwili wa nyumba ya zamani ni mzima, ardhi yake unaihitaji kweli, na baada ya kununua utabakiwa na fedha ya matengenezo, chukua ya zamani. Nyumba unaweza kuitengeneza. Kiwanja huwezi kukivuta kikawa kirefu. Lakini kama kununua kutakumaliza mfukoni, chukua mpya. Ardhi kubwa haizuii mvua inayovuja kitandani.

Ni kweli kwamba nyumba hushuka thamani na ardhi hupanda?

Nusu ni kweli. Jengo huchakaa, na uchakavu hupunguza thamani yake mwaka hadi mwaka usipolitunza. Ardhi haichakai. Ndiyo maana katika nyumba ya zamani yenye uwanja mkubwa, sehemu kubwa ya bei huwa ni ya ardhi, na katika nyumba mpya kwenye kiwanja kidogo sehemu kubwa huwa ni ya jengo.

Hata hivyo ardhi haipandi kwa sababu tu ni ardhi. Hupanda pale watu wanapoitaka: barabara ikifika, kazi zikisogea, viwanja vikiadimika. Mahali panapokimbiwa, uwanja mkubwa unaweza kukaa miaka na miaka bila mnunuzi. Mwombe mthamini akutenganishie thamani ya ardhi na thamani ya jengo. Namba hizo mbili zitakuonyesha hasa unanunua nini.

## Jengo lenyewe

Nitajuaje kama nyumba ya zamani ni nzima?

Anza na maji, kwa sababu karibu kila ugonjwa wa nyumba ya zamani una maji ndani yake. Nenda siku ya mvua kama unaweza, au siku inayofuata. Tazama dari kama ina madoa ya kahawia. Ingia darini na tochi uangalie kenchi: mbao zilizolowa huwa nyeusi, na zilizooza huingia ncha ya bisibisi bila nguvu. Angalia kama mifereji ya paa inatoa maji mbali na kuta au inayamwaga miguuni mwa nyumba.

Kisha shuka chini. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida haupiti sana kimo cha mita moja, na huacha ukanda wenye lipu inayobambuka na chumvi nyeupe. Unyevu ulio juu ya hapo una chanzo kingine, mara nyingi bomba linalovuja, paa au ufa. Tofauti hii ni muhimu, maana tiba zake hazifanani na gharama zake hazikaribiani. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya peke yake, huku mingine ikiwa na rangi kuukuu, uulize una siri gani.

Tafuta pia mchwa: vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, fremu za milango zinazolia tupu ukizigonga. Fungua na kufunga kila mlango na kila dirisha. Mlango mmoja unaokwama si kitu. Milango mitatu ya upande mmoja inayokwama inaweza kuwa dalili kwamba upande huo umetitia.

Baada ya hayo yote, lipa mhandisi wa majengo aje. Usimtumie fundi aliyeletwa na muuzaji. Ada ya mhandisi ni ndogo kabisa ukiipima na makosa inayoweza kukuepusha nayo.

Nyufa zipi za kuogopa?

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida, hata katika nyumba mpya. Za kuogopa ni zile zinazopanda mshazari au kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, zile zilizo pana juu kuliko chini (au chini kuliko juu), na zile zinazoonekana ndani na nje mahali palepale. Ufa unaozidi milimita 5 usiupitishe bila mhandisi.

Jambo kubwa kuliko upana ni kama ufa bado unatembea. Ufa wa zamani uliotulia huwa na vumbi na rangi iliyoingia ndani yake. Ufa ulio hai huwa na kingo kali na safi, au huwa umezibwa na kufunguka tena pembeni mwa kiraka.

Nyaya na mabomba ya zamani lazima yabadilishwe?

Mara nyingi ndiyo, na ni heri uyahesabu mapema. Nyaya zilizofunikwa kwa mpira, za kabla ya plastiki kuenea, hukauka na kupasuka, na hapo moto unaweza kuanza ndani ya ukuta. Angalia kwenye boksi kuu la umeme kama kuna kifaa kinachokata mkondo ukivuja. Vile vya kumkinga mtu asife kwa umeme hukata kwenye miliampia 30. Kama hakipo, na kama soketi hazina waya wa ardhi, hesabu mfumo mzima kuwa wa kubadilishwa.

Mabomba ya chuma kilichopakwa zinki hupata kutu ndani huku nje yakionekana salama. Fungua koki mbili kwa pamoja: maji yakipungua sana au yakitoka na rangi ya kahawia asubuhi, umepata jibu. Fanya umeme na mabomba kwa pamoja, kabla ya lipu na rangi, ili kuta zichimbwe mara moja.

Vipi kuhusu asbestosi na rangi yenye madini ya risasi?

Haya ni mambo mawili ya nyumba za zamani yanayogusa uhai moja kwa moja. Asbestosi, madini yenye nyuzi nyembamba, ilitumika katika mabati ya saruji, dari, mabomba na vigae vya sakafu. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, kwa hiyo nyumba za kabla ya miaka hiyo zinaweza kuwa nayo. Na katika nchi ambako haijapigwa marufuku, hata za baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani. Ikiwa nzima na haiguswi, hatari yake ni ndogo. Hatari huja inapokatwa, inapotobolewa au inapovunjwa, nyuzi zikaruka hewani. Usiruhusu fundi wa kawaida aibomoe. Kuiondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na idhini, nayo ni ghali.

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwa nyumba za kuishi nchini Marekani mwaka 1978. Kwingine ilichelewa sana. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa vumbi lake huingia kinywani kupitia mikono, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwao. Kama una mtoto mdogo au mtarajiwa, pima rangi kabla ya kuikwangua. Usiipige msasa ikiwa kavu.

Nyumba mpya nayo inahitaji kukaguliwa?

Inahitaji, na pengine kwa jicho kali zaidi, kwa sababu nyumba ya zamani imeshajaribiwa na wakati lakini mpya bado. Iliyosimama miaka 40 imeshapita mvua kubwa na ukame. Kama msingi wake ungekuwa wa kutitia, mara nyingi ungekuwa umekwishatitia. Nyumba mpya inakuomba uiamini.

Jambo la kwanza la kuuliza ni udongo ulio chini yake. Eneo la mteremko au bonde likijazwa kifusi ili kupata viwanja, na kifusi kisishindiliwe kwa tabaka, nyumba hutitia polepole baada ya kuhamia. Waulize watu wa jirani palikuwa na nini kabla ya ujenzi. Jambo la pili ni haraka ya mjenzi. Zege hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28, na linahitaji kumwagiwa maji siku za mwanzo. Mjenzi anayekimbizana na mauzo ana kishawishi cha kuruka hatua hiyo, nawe hutaiona chini ya lipu nzuri. Jambo la tatu ni yale yasiyoonekana kwenye picha: kina cha shimo la maji taka, mteremko wa mabomba ya bafuni, njia ya maji ya mvua.

Omba michoro iliyoidhinishwa, kibali, na dhamana ya mjenzi kwa maandishi inayotaja ni kasoro zipi na kwa muda gani. Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau: kampuni hii ikifungwa mwakani, nani atasimama nyuma ya dhamana?

Zamani walijenga imara kuliko sasa, sivyo?

Baadhi walijenga imara. Nyumba mbovu za zamani zimekwisha kuanguka, kwa hiyo tunazoziona leo ni zile zilizohimili. Ni kweli kwamba kuta zao mara nyingi ni nene na mbao zao ni ngumu. Ila jihadhari na kitu kimoja: kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa huhitaji kupumua. Ukizipiga lipu ya saruji na rangi isiyopitisha hewa, unyevu hufungwa ndani na ukuta huanza kuoza kutoka katikati. Nyumba nyingi za zamani zimeharibiwa na watu waliozipenda.

## Uwanja

Uwanja "mkubwa" ni wa ukubwa gani?

Eka moja ni mita za mraba 4,047, na hekta moja ni karibu eka 2.5. Lakini namba iliyo kwenye hati si ile utakayoitumia. Toa hifadhi ya barabara, ukanda unaotakiwa kuachwa kando ya mto, njia ya nyaya za umeme mkubwa, mteremko mkali, sehemu inayotuama maji na haki ya njia ya jirani. Inayobaki ndiyo unayonunua. Nusu eka tambarare inaweza kukufaa kuliko eka mbili za korongo.

Tembea mipaka yote kwa miguu, na mpima ardhi akuonyeshe kila jiwe la mpaka. Uzio si mpaka. Uzio ni mahali ambapo mtu fulani aliona panafaa kuweka uzio.

Naweza kugawa kiwanja au kujenga nyumba ya pili baadaye?

Usinunue kwa ndoto hiyo kabla ya kwenda kwenye ofisi ya mipango miji. Kila eneo lina kanuni za ukubwa wa chini wa kiwanja, asilimia inayoruhusiwa kujengwa na umbali wa jengo kutoka mpakani. Nyumba ya zamani iliyojengwa katikati ya uwanja mara nyingi huziba njia ya kufikia nyuma, na kipande kisicho na barabara mara nyingi hakigawanyiki kisheria hata kama kina nafasi tele. Kama hesabu yako inategemea kuuza kipande, weka sharti la kibali hicho ndani ya mkataba wa ununuzi.

Kuutunza kuna kazi kiasi gani?

Nyingi kuliko unavyodhani, na haina likizo. Nyasi, uzio, mifereji, miti, ulinzi, taa za nje. Jiulize bila kujidanganya: wiki iliyopita ulikuwa na muda gani wa ziada, na uliutumiaje? Anayependa kulima, kufuga au kufanyia kazi nyumbani ataona ardhi ikimlipa. Asiye na hamu hiyo ataona pori linasogea, kisha ataajiri mtu, na mshahara wa mtu huyo nao uingie kwenye hesabu.

Miti mikubwa iliyo karibu na nyumba ni neema au hatari?

Ni vyote viwili. Kivuli chake hupunguza joto la nyumba sana. Lakini kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, mizizi hunyonya maji, udongo husinyaa na msingi hushuka. Na usikimbilie kukata: mti mkubwa ukiondolewa ghafla, udongo ule hurudisha maji na kuvimba, na nyumba inaweza kuinuliwa. Muulize mhandisi kwanza. Mizizi pia hupenda mabomba ya maji taka yenye nyufa.

Hakuna maji ya bomba wala mfumo wa maji taka. Niache?

Si lazima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 150 linaweza kukusanya karibu lita 3,000 kwa mvua ya milimita 20, ukiacha kinachopotea. Uwanja mkubwa unakupa mahali pa matangi. Usivune ya kunywa kwenye paa la asbestosi au lenye rangi ya risasi.

Kisima kiwe mbali na shimo la choo, angalau mita 30, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Shimo la maji taka lifunguliwe na kukaguliwa kabla hujanunua. Kwa matumizi ya kawaida hunyonywa kila miaka 3 hadi 5. Mahali penye nyasi za kijani kibichi zaidi kuliko kwingine wakati wa kiangazi, simama upanuse.

## Fedha

Nitenge kiasi gani kwa matengenezo?

Usitumie asilimia za kukisia. Pata bei ya kila kazi kutoka kwa mafundi wawili au watatu, kwa kufuata ripoti ya mhandisi, kisha ongeza akiba. Katika nyumba ya zamani, kufungua ukuta mmoja huibua kazi ambayo haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo akiba hiyo iwe kubwa kuliko ambayo ungeiwekea nyumba mpya. Anza na yanayozuia maji na moto: paa, mifereji, umeme. Jiko zuri lisubiri.

Ongeza pia kodi ya mahali pengine kama hamwezi kuishi ndani wakati wa ukarabati. Kuishi na watoto katikati ya vumbi la ubomoaji si kubana matumizi (soma tena jibu la asbestosi na risasi).

Benki imeithamini na kukubali mkopo. Hiyo si ishara kwamba nyumba ni nzima?

Hapana. Mthamini wa benki anaangalia kama benki itarudishiwa fedha zake nyumba ikiuzwa. Hapandi darini kwa ajili yako. Fahamu pia kwamba mkopo wa kununua mara nyingi haugusi matengenezo, na mkopo wa pili wa kukarabati unaweza kuwa na riba kubwa zaidi na muda mfupi zaidi. Uliza mapema kama unaweza kupata vyote viwili katika mkopo mmoja.

Bima je?

Bima ya jengo hukatwa kwa gharama ya kulijenga upya, bila ardhi. Nyumba ya zamani yenye mawe ya kuchonga au mbao adimu inaweza kugharimu zaidi kujengwa upya kuliko bei uliyoinunulia. Na waambie ukweli kuhusu nyaya na paa, kwa kuwa uliyoyaficha yanaweza kufanya dai lako lote likataliwe.

## Maisha ya kila siku

Nyumba ya zamani iko mbali na kazi na shule. Uwanja unafidia?

Kwa wengine ndiyo. Ijaribu safari kabla ya kuamua: siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa ukitoka, kwenda na kurudi, wiki nzima. Saa moja zaidi kila siku ya kazi ni zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Kama saa hizo zitatoka kwenye muda ambao ungekaa uwanjani na watoto, umenunua uwanja wa kuangalia dirishani.

Mmoja wetu anataka mpya, mwingine anataka ardhi. Tufanyeje?

Acheni kubishana kuhusu nyumba. Kila mmoja aandike Jumamosi yake ya kawaida itakavyokuwa katika kila nyumba, kuanzia asubuhi hadi usiku: nani anafyeka, nani anamsubiri fundi, nani anapumzika. Mara nyingi hugundulika kwamba anayeitaka ardhi hakujihesabu kwenye kazi yake. Asiyeitaka ardhi asigeuzwe kuwa mtunzaji wake.

## Hali zisizo za kawaida

Nyumba ya zamani imeongezwa vyumba bila kibali.

Linganisha jengo na michoro iliyoidhinishwa. Nyongeza isiyo na kibali inaweza kuamriwa kubomolewa, na bima inaweza kuikataa. Ama muuzaji ahalalishe kabla ya mauzo, ama ulipe bei ya nyumba isiyo na vyumba hivyo.

Naweza kununua kwa ajili ya ardhi tu, nibomoe nijenge upya?

Unaweza, ikiwa bei ni ya ardhi na si ya nyumba. Hesabu ubomoaji, usafirishaji wa kifusi na uondoaji wa asbestosi kama ipo. Hakikisha kwanza kwamba jengo halijaorodheshwa kama la kihistoria. Likiwa kwenye orodha, hata madirisha unaweza kukatazwa kuyabadilisha. Kanuni za sasa pia zinaweza kukunyima kujenga pale pale iliposimama ya zamani, hasa kama iko karibu mno na barabara au mto.

Muuzaji ni mmoja wa warithi.

Simama hapo. Ardhi kubwa ya familia huwa na watu wengi wenye haki ambao majina yao hayapo kwenye tangazo. Taka kuona uthibitisho wa kisheria kwamba anayeuza ana mamlaka ya kuuza, na ridhaa ya warithi wote kwa maandishi mbele ya wakili wako, si wakili wa muuzaji. Fanya upekuzi wa hati kwenye masjala ya ardhi mwenyewe. Zungumza na anayeishi ndani ya nyumba hata kama anaitwa mlinzi tu.

Nimeshanunua mpya na sasa kiwanja kinanibana.

Kabla ya kuuza, muulize jirani aliye nyuma kama ana kipande asichokitumia. Kuunganisha viwanja viwili vinavyopakana mara nyingi huruhusiwa kwa urahisi kuliko kugawa kimoja, na gharama za kuhama zinakubakia mfukoni. Akikataa, kodi shamba dogo kwa mwaka mmoja mahali pengine. Ukiona mwaka umekwisha na bado unaamka kwenda huko kwa hiari, rudi juu kwenye swali la kujua kama nyumba ya zamani ni nzima na uanze kutafuta.